Mguu Mbele ya Mama

Tangu turudi, majirani wa Murara wananisimamisha njiani: "Ni kweli walimupasua kichwa akiwa macho?" Ni kweli. Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemkaza Mama kwa miaka, na vidonge vilimlegeza kwa muda mfupi tu kabla mwili haujaganda tena. Daktari wake hapa Goma alitutuma Nairobi, ambako nyaya nyembamba huingizwa ubongoni na kuunganishwa na betri chini ya ngozi ya kifua.

Mpakani Birere, asubuhi ya kuondoka, aliganda katikati ya foleni.

"Mama, songa! Umeota mizizi?" mtu akapaza sauti nyuma yetu.

Nikaweka mguu wangu mbele ya wake, kama kizingiti. Akiwa na kitu cha kuvuka, hatua hutoka. Akauvuka. Mimi nilikuwa nimeshawaza damu ikivuja ubongoni, ulimi ukifungwa, Mama asinijue tena.

"Turudi?" nikanong'ona.

"Weye rudi. Mimi niko naenda."

Tulipita Kigali, tukapanda ndege. Nairobi, daktari alisema wazi kwamba ugonjwa hauponi, hupunguzwa makali tu. Nilikuwa na maswali mengi. Mama akakubali kabla sijauliza hata moja.

Siku ya upasuaji alinyimwa vidonge, ili waone kama umeme wenyewe utatuliza mtetemo wa mikono yake. Nilikuwa nimekaa nje ya mlango muuguzi alipotoka mbio.

"Mama yako alikuwa anahesabu kwa Kiswahili, ili tupime usemi wake. Alipopita kumi, maneno yakageuka, hatuyaelewi. Daktari amesimamisha kazi. Tumegusa pabaya?"

"Anasemaje?"

"Onze, douze..."

Katika yote niliyoyaogopa, hili halikuwamo. Nikacheka hadi machozi.

"Ni Kifaransa! Kwetu Goma hata muuza nyanya anahesabu hivyo. Mngeogopa kama angeendelea kwa Kiswahili."

Wakaendelea na upasuaji.

Tulibaki Nairobi wiki kadhaa, betri ikirekebishwa kidogo kidogo. Sauti yake imefifia, na vidonge bado anameza, vichache. Lakini kikombe anakishika mwenyewe.

Tuliporudi mpakani, foleni ilikuwa ileile. Mama akapunguza mwendo. Upesi nikaweka mguu.

"Toa hiyo mguu, utaniangusha."

Akapita kando yangu. Nilibaki nimesimama, mguu mbele, nikihofia mashimo yote ya barabarani yaliyobaki hadi Murara. Akageuka.

"Songa, mutoto. Umeota mizizi?"

Nikaurudisha mguu, nikamfuata.