Nilimwita Mwongo Mbele ya Wakaguzi

Sitaki kukuzungusha. Mimi ndiye niliyemwita msichana mkweli mwongo mbele ya wageni, na nikaaminiwa mimi. Kosa ni langu, usinitafutie sababu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati Kitengela bado ilikuwa na ng'ombe wengi kuliko nyumba za mawe. Nilikuwa nafundisha taipu na uhasibu katika chuo kidogo cha biashara, vyumba vitatu juu ya duka la simiti na mabati. Nilikuwa nimetoka Machakos bila kujua mtu, na mkurugenzi akanipa kazi siku hiyo hiyo nilipobisha. Nilimshukuru na nilimwogopa. Hayo mawili yakikaa pamoja ndani ya mtu, aki, anaweza kufanyishwa chochote.

Chuo kilikuwa na kibali cha muda tu. Bila usajili kamili wanafunzi wetu hawangekubaliwa kufanyia mtihani kwetu, na mkurugenzi angefunga. Basi barua ikaja kutoka wizarani kwamba wakaguzi watafika kuangalia maktaba, kompyuta na vyeti vya walimu. Sisi tulikuwa na taipureta kumi na moja, tatu zimekufa. Kompyuta tulikuwa nazo kwenye matangazo yetu peke yake.

Wacha nikwambie vile vyuo vidogo tulikuwa tunafanya siku hizo. Tulikuwa tunaazimana. Chuo kimoja cha Ngong kilikuwa kimeshakaguliwa, kikatupa kompyuta zake nane na vitabu vya kujaza rafu mbili, na sisi tungewafanyia wengine hivyo zamu yao ikifika. Hakuna aliyeona haya. Tuliita kusaidiana! Vitu vililetwa siku moja kabla, vimefunikwa turubai kwenye pikapu, na mimi nikashinda na gundi nikibandika karatasi nyeupe juu ya mihuri ya wenye vitabu.

Kesho yake asubuhi niliwapanga wanafunzi. Mkiulizwa, semeni tunatumia kompyuta kila Jumanne na Alhamisi. Wakasema sawa, madam. Nasieku naye aliitikia, ama mimi nilidhani ameitikia.

Nasieku alikuwa mwanafunzi wangu bora, msichana wa Kimaasai kutoka Ewuaso Kedong. Baba yake alikuwa mfugaji ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Ndugu zake walimcheka ati anapoteza ng'ombe kwa mtoto wa kike, lakini alimleta mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, akaniambia nimwangalie kama wangu. Nikasema ndiyo, mzee.

Wakaguzi walikuwa wawili, bwana mmoja na mama mmoja. Yule mama akavuta kiti akakaa karibu na Nasieku, akamwambia awashe mashine amwonyeshe kazi yake. Nasieku aliacha mikono yake mapajani.

"Sijawahi kuiguza," akasema. "Hizi zimeletwa jana."

Alisema polepole, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Mkurugenzi hakumwangalia Nasieku, aliniangalia mimi.

Ndipo nikacheka. Hicho kicheko bado nakisikia. Nikasema, "Samahani, madam, huyu hakuja darasani karibu muhula mzima. Tena tuko na shida naye. Ni mwongo sana."

Wenzake wakaulizwa, wakasema Jumanne na Alhamisi. Yule mama akaandika kitu, akasogea kwa mashine nyingine. Nasieku hakulia. Alikuwa ananiangalia tu, ananingojea niseme tena vizuri.

Usajili ukapita. Siku cheti kilipofika mkurugenzi alinunua keki na soda, tukaomba na tukaimba. Nasieku alipewa barua ya kufukuzwa. Barua hiyo niliipiga taipu mimi, na mahali pa sababu nikaandika uongo na utovu wa nidhamu. Vidole vyangu hivi!

Baada ya wiki moja nikaona baba yake anapanda ngazi. Nilijua amekuja kunikosea heshima, na moyoni nilitaka anitukane. Lakini mzee alikuwa amekuja na kondoo, ameifunga pale chini, na Nasieku yuko nyuma yake. Karani wa chifu alikuwa amemsomea ile barua. Akaniambia amekuja kuomba msamaha kwa niaba ya mtoto, maana mwalimu hawezi kumwita mtoto wa mtu mwongo bure.

Kisha akamwambia Nasieku kitu kwa Kimaasai. Kwao mtoto humsalimu mkubwa kwa kumwinamishia kichwa, na mkubwa humgusa. Nasieku akaja akainama mbele yangu. Na mimi, Mungu wangu, nikaweka mkono!

Neno moja lingetosha pale. Mzee, mtoto wako alisema ukweli. Nilikuwa nalo kabisa mdomoni. Nikasema nitaongea na mkurugenzi. Mkurugenzi alikataa hata kusikia, kondoo ikachinjwa, na nyama nilikula kama wengine.

Tangu hapo sijatulia. Nimezaa watoto wawili na siwezi kuwaguza kichwani bila kumwona Nasieku. Kanisani mchungaji akisema tumwekee mgonjwa mikono, mimi hutoka nje nikajifanya naenda choo.

Ilinichukua miaka mingi. Chuo kilikuwa kimeshauzwa, mimi nimeacha kufundisha, ndipo nikajikaza nikaenda Ewuaso Kedong kumwambia mzee ukweli. Siku ya soko niliuliza nikaonyeshwa. Nasieku alikuwa amekaa nyuma ya duka la mtu, anauza sukari na majani ya chai, mtoto mgongoni. Alinijua mara moja. Akaniita madam, akanipa kiti, akanipa chai.

Nikamwambia nimekuja kwa baba yake. Akasema alikufa, ni miaka miwili sasa.

Halafu akaniambia mengine, bila hasira, na afadhali angenipiga. Ardhi ya jamii ilipogawanywa, mzee alipata kipande chake. Akaja mtu na karatasi, akasema ni ya kukodisha malisho. Nasieku akaisoma. Akamwambia baba, hii si ya kukodisha, unauza.

"Akaniambia hata mwalimu wangu alisema mimi ni mwongo," Nasieku akasema. "Akaweka kidole."

Nilianguka magoti pale kwa vumbi, watu wa soko wakitazama. Nikaomba anisamehe. Akaniinua kwa mkono.

"Mimi nilikusamehe kitambo. Mimi nilijua nimesema ukweli. Ni yeye ulimdanganya."

Wewe unayefundisha mahali, na wakubwa wako wanakwambia wageni wakija useme hivi na hivi, kataa. Wacha chuo kifungwe! Chuo kikifungwa wanafunzi wataenda kwingine, na wewe utapata kibarua kingine. Na kama kuna mtoto uliyemharibia jina kwa wazazi wake, enda leo. Usingoje upate ujasiri. Mimi niliupata, nikaenda mpaka kwao, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.