Mujaja wa Mama

Jirani yangu hapa mjini hutia majani ya mujaja kwenye chai, na harufu yake kali ikipita dirishani, mimi huacha ninachofanya.

Nililelewa na nyanya, upande wa Uganda. Mama alikuwa akifanya kazi ng'ambo ya mpaka, na siku moja alikuja akikohoa sana. Nikawaza kwamba akipona hapa, atabaki hapa. Nikiwa na mafua, nyanya alikuwa akinitilia majani mawili tu kwenye maji moto. Mimi nilichuma konzi nzima, nikachemsha mpaka maji yakawa meusi, nikampelekea mama.

Kabla hajaonja, nyanya aliingia, akanusa, akakishika kikombe.

“Nani amechemsha hii?”

“Mimi, nyanya. Nataka mama apone.”

Alimtazama mama tumboni kwa muda mrefu. “Na wewe ungekunywa tu? Mwenye mimba hapewi hii hivi hivi, na kali namna hii hapewi mtu yeyote. Kesho unaenda kwa nesi.”

Mama aliinamisha kichwa. Hivyo ndivyo nilivyojua. Nyanya alimwaga dawa yangu nje. Hakuna aliyenigombeza, walizungumza wao wawili kwa sauti ya chini, nami nikabaki mlangoni nikinusa vidole vyangu.

Asubuhi mama alipitia kwa nesi, kisha akavuka mpaka. Alisema atarudi akishajifungua. Nilipomwona mdogo wangu mara ya kwanza, alikuwa tayari anaongea. Alijificha nyuma ya mama, akamuuliza mimi ni nani.