Mwalimu Zulma na Marufuku ya Karatasi

Pale Paysandú, mji wa Uruguay, ukitaka ugomvi na Mwalimu Zulma Irigaray, ingia chumbani kwake na karatasi ya muziki mkononi. "Karatasi ni ya kufungia samaki," angekwambia, kisha akuketishe kwenye piano ucheze kwa kichwa, na ukikwama, ukwame mbele ya watu.

Haya hakuyaokota njiani. Alikuwa binti wa kinyozi, akapelekwa mji mkuu, Montevideo, angali msichana wa mikia miwili ya nywele, akatoka huko mpiga piano wa majukwaani. Akavuka mto akacheza Buenos Aires, magazeti yakamsifu, hasa kwa kuwa hakutazama karatasi hata moja. Mbona basi akarudi kufundisha watoto wa watu? Mwenyewe husema alirudi kumuuguza mama. Mdogo wake Nélida, anayeishi naye nyumba moja, husema alirudi kwa sababu ya mpiga fidla mmoja mrefu aliyekuwa na mke. Mama, asema Nélida, aliugua baadaye, tena mafua.

Akafundisha. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake: binti wa mfamasia, Mirta wa posta, hata Wáshington Cardozo mwenye bucha, aliyeanza na mvi kichwani na vidole kama soseji. Zulma humwekea mtu sarafu juu ya mkono. Ikianguka, unaanza upya. Siku moja Wáshington alimnong'oneza mwenzake kwamba hata nyama mtu huikata akiitazama. Zulma ana masikio. Alimtoa nje, naye akarudi wiki iliyofuata na maini ya kuomba radhi.

Zulma alipofika miaka sabini na moja, mji ukamwandalia onyesho la heshima. Acheze mwenyewe, tena ile sonata, kipande kirefu cha piano, iliyompa jina. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Sonata hiyo ina njia panda: kuna wimbo unaokuja mwanzoni, halafu unarudi karibu na mwisho, karibu uleule. Mara ya kwanza vidole hugeuka huku, mara ya pili kule. Ukikosea kona, unajikuta umerudi ulikotoka. Zulma akawa anakosea.

Nélida alisikia yote toka jikoni. "Dada, viazi vimeiva mpaka vimepondeka, na wewe bado hujafika."

"Nafanya mazoezi."

"Unazunguka kama kuku aliyefungwa kamba. Si uweke karatasi tu."

"Mbele ya wanafunzi wangu? Nikipotea pale jukwaani, Nélida, nafunga piano na sifundishi tena. Nitawaambia nini watu niliowasema miaka yote?"

Hakuwa akitania. Nélida aliacha kumenya vitunguu. Bila wanafunzi, dada yake angeshinda dirishani akiwasema majirani, na kazi hiyo tayari ilikuwa na mwenyewe.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Zulma akatoka na gauni jeusi, akainama, akaketi. Alianza vizuri, hata waliofuata keki wakatulia. Akafika njia panda, vidole vikaenda huku badala ya kule, akarudi nyuma. Akaja tena, yakawa yaleyale. Meya akatikisa kichwa kwa raha, akiona mji umepimiwa muziki wa kutosha. Waliojua ni wanafunzi tu, safu ya mbele, kila mmoja ameshika magoti yake.

Mara ya tatu Zulma alihisi jasho likimteremka mgongoni. Angeweza kupiga mlio mmoja mzito wa kumalizia, akainuka, akainama, na nani angemshika? Wale wa mbele tu. Nao ndio aliokuwa akiwaogopa.

Akaondoa mikono.

"Nimepotea," akasema. "Nani ana karatasi?"

Nani angejitia kitanzi mwenyewe?

"Nauliza kwa wema."

Mirta wa posta akafungua mkoba, taratibu. Binti wa mfamasia akachomoa yake kwenye mkono wa koti. Mwingine alikuwa ameikalia. Safu nzima ikawa chakacha chakacha, na Zulma akaelewa kwamba miaka yote walikuwa wakizichungulia nje ya mlango wake kabla ya kubisha hodi.

"Hizi zetu ni za vipande vyetu," akasema Wáshington akisimama. "Ya sonata ninayo mimi. Bi Nélida aliniachia jana, alipokuja kununua mbavu."

Nélida akawa anakagua dari.

"Wezi wakubwa nyie," akasema Zulma. "Njoo unigeuzie kurasa. Mikono umenawa?"

"Nimenawa, Mwalimu."

Akavaa miwani, pua karibu iguse karatasi, akaanza alipopotelea. Njia panda ilipofika akageuka kule, akaenda hadi mwisho. Watu walipiga makofi mpaka akachoka kuinama.

Kwenye keki Mirta alimsogelea kwa woga. "Mwalimu, sasa Jumanne nije, au ndiyo basi?"

Zulma alitafuna kwanza, akameza.

"Uje."

"Na karatasi?"

"Na karatasi. Utaiweka juu ya piano, mimi ndiye nitakayeitazama."

Nélida, aliyekuwa nyuma yao, akajikatia kipande kingine, kikubwa.