Drahomíra na Mapenzi ya Korvanta

Soksi zilikuwa za kijani, zimefumwa maneno: Korvanta Tunapenda Programu Huria. Drahomíra Kuběnová alizitazama pale mezani, kando ya supu yake ya matumbo, kama mtu aliyeletewa panya na paka wake.

"Zawadi tu, Mwalimu," Bořek akasema.

Drahomíra ndiye aliyemfundisha hesabu huyu Bořek, shuleni hapa hapa mjini Brno. Sasa alikuwa mtu mkubwa Korvanta, kampuni ambayo wakubwa wake zamani waliuita mfumo huria wa kompyuta, ule unaotolewa bure na yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha, mchezo wa watu wasiooga. Leo walidhamini mikutano yake na kupiga picha na wajenzi wake, wakichekelea kama wagombea ubunge.

Kwa miaka kumi na tisa, akishasahihisha madaftari, Drahomíra alitunza bila ujira kipande kimoja cha mfumo huo: kile kinachoilaza kompyuta na kuiamsha. Kikienda sawa, hakuna anayejua kama wewe mtunzaji upo. Kikikosea, unatukanwa kuanzia Brazili hadi Japani.

"Hii programu yenu mnayotaka niipokee kwenye mfumo," akasema, "mistari elfu kumi na moja, nimeisoma yote. Kompyuta ikiamka, kabla haijamsalimu mwenyewe, inakimbilia kuwaamkia nyinyi. Ya nini?"

"Takwimu tu, Mwalimu. Afya ya mashine."

"Kwani iliugua lini?"

Bořek akacheka, akaanza kumvika kilemba cha ukoka: bila yeye dunia isingeamka, kuna kiti chake kwenye baraza la kampuni, kuna na mshahara.

"Mchawi mpe mwana akulelee, siyo? Kunywa supu, inapoa. Uongo ulikushinda tangu shule."

Mchana huo huo akaikataa programu ile hadharani kwa sentensi moja: kompyuta ni ya mwenyewe.

Korvanta haikubishana. Iliwaajiri wawili kati ya watu watatu waliokuwa wakimsaidia Drahomíra, ikanakili kazi yake, maana kilicho huria sheria inamruhusu yeyote kukinakili, ikaibandika jina jipya na kuizindua kwa keki. Drahomíra akabaki na msaidizi mmoja, mstaafu wa reli. Ilimuuma. Wiki nzima hakugusa kompyuta.

Mwaka wa pili Korvanta ikachoka kupenda. Kitengo kizima cha programu huria kikafungwa kwa barua pepe moja, Bořek akiwemo. Nakala yao ikakosa mtunzaji, ikaanza kugandisha mashine. Watumiaji wakarudi kwa Drahomíra mmoja mmoja, wakinung'unika kana kwamba yeye ndiye aliyewafukuza.

Bořek naye akaandika: "Mwalimu, naweza kusaidia?"

"Kuna hitilafu arobaini na mbili," akamjibu. "Anza na iliyo ndogo kabisa. Nyingine huziwezi."