Ubao wa Mama Njia

Kwa miaka ishirini na miwili, Mama Njia alikuwa mpokeaji wageni wa hoteli yetu ya vyumba kumi na vinane. Jina hilo lilitokana na ubao. Kila asubuhi, kabla wageni hawajanywa chai, aliizunguka mitaa ya jirani kwa miguu, kisha akaandika kwa chaki barabara zipi zinapitika. Hakuandika alichosikia, ila alichokiona.

Siku ya tatu baada ya uchaguzi alirudi mbio, kiatu kimoja mkononi, macho yanawaka.

"Shemeji, wamejaa!" alimwambia mpishi. "Walimu, wauguzi, wachuuzi, wote wanaimba mbele ya mahakama! Tangu nizaliwe sijaona umati kama ule!"

"Na polisi?"

"Wamefika na virungu. Mwandishi wa habari mmoja wamempiga hadi kamera ikapasuka."

Akashika chaki. Meneja akachomoka ofisini kama aliyemwagiwa maji ya moto. Ofisi ya utalii ilikuwa imempigia simu: hoteli zote ziwaambie wageni kwamba mji ni shwari.

"Dada, andika shwari. Wageni ishirini wakifunga mizigo, tutakula nini? Chaki?"

"Wakirudi na vichwa vimepasuka utawapa chumba au bandeji, bosi?"

"Ukiandika hayo, kesho usije kazini."

Mama Njia akaandika kwa herufi kubwa: *Mahakamani watu wanaandamana kwa amani. Polisi wanawapiga. Msiende. Sokoni panapitika.*

Wageni wakashuka. Kiongozi wao, bibi mmoja mwenye fimbo, aliusoma ubao mara mbili, akawapigia simu wenzao waliofikia hoteli ya ng'ambo ya barabara. Wao waliambiwa mji shwari. Wakatoka, na sasa wawili walikuwa wanaoshwa macho kwa sababu ya moshi wa mabomu ya machozi.

"Wanataka kuhamia huku," bibi akasema. "Vyumba vipo?"

"Vitano!" Mama Njia alijibu kabla meneja hajameza mate.

Simu ya ofisini ikaanza kulia, bila shaka ofisi ya utalii tena. Meneja akaitazama, akamgeukia Mama Njia.

"Dada, ule uchochoro wa nyuma umeupita leo?"

"Bado."

"Vaa kiatu, twende wote. Nami nikaone kwa macho yangu."

Wakatoka wakikimbilia uani, simu ikiendelea kulia.