Damu Iliyofungwa Majani ya Mgomba

Mbambu alizaliwa Butembo, akaingia Kampala na mumewe, godoro moja na mama mkwe mmoja, kama anavyopenda kusema mwenyewe. Walipanga chumba kinachopakana na changu hapa Kyebando. Mume akaenda kuendesha malori, haonekani mara nyingi. Mama mkwe, Mama Reine, akashika jiko la kanisa la Wakongomani. Mbambu alikuwa amesomea maabara kwao, na baada ya kuosha sana vyombo vya wengine, maabara moja ya utafiti upande wa Mulago ikampa kazi aliyoisomea.

Nilimwuliza anafanya nini huko. Shule yangu ilikuwa magazeti ya kufungia sukari, niliyosoma nikipumzika kupakia mabehewa pale Port Bell, lakini alinieleza nikaelewa. Seli ya mtu ikipata joto la kupita kiasi, homa au sumu, hutengeneza protini fulani ya kujiokoa. Macho hayaioni. Basi wao huzivunja seli, huzitandaza protini zake kwenye karatasi maalumu, kisha huimwagia kingamwili, wale askari wa mwili, ila hizi zimetengenezwa zimtambue adui mmoja tu: protini hiyo. Zinapoing'ang'ania, mstari mweusi hutokea kwenye filamu, kama ile ya eksirei. Seli iliyotulia, mstari wake ni hafifu.

"Kwa hiyo hamwulizi mtu kama ameteseka," nikamwambia. "Mnaiuliza damu yake."

"Damu haina aibu, Mzee Cleopas," akanijibu akicheka.

Mimi sikucheka. Zamani jirani akikohoa nyuma ya ukuta ulikwenda kubisha hodi. Siku hizi watu wanakohoa na kuta zinanyamaza, na anayetaka kujua habari zako anakuja na sindano.

Walikuwa wakilinganisha damu ya wagonjwa wa homa na ya watu wenye afya, wazima. Wazima walikuwa sisi, watu wa kanisa la akina Mbambu na majirani. Nesi alitutoa damu baada ya ibada ya asubuhi, akaacha boksi la barafu jikoni kwa Mama Reine, mpaka mtu wa pikipiki alipokuja mchana kulichukua.

Filamu zikatoka nyeusi. Za wagonjwa nyeusi, zetu nyeusi zaidi. Mkubwa wa Mbambu kazini, Daktari Opoka, akamwita.

"Hawa wazima wako nagonjwa kushinda wagonjwa! Wewe nachanganya vichupa?"

"Sijachanganya, Daktari."

"Basi niletee jibu. Bila jibu, natafuta mtu mwingine."

Mbambu alirudia kipimo kwa kingamwili mpya. Mstari uleule. Akapima damu yake mwenyewe, iliyotolewa palepale maabara: hafifu, safi. Ndipo akajua kwamba jambo linatokea njiani. Jumapili akaniomba nifuatane naye. Nikatoa damu kama wengine, kisha tukasimama nje ya dirisha la jiko.

Mama Reine alifungua boksi. Akatoa vichupa kimoja kimoja, akavifunga kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni, akavilaza kikapuni kando ya sigiri ya makaa na kuvifunika kitenge, kama anayelaza watoto. Kimojawapo kilikuwa changu.

"Mama! Unafanya nini?" Mbambu akapaza sauti.

Mama Reine hakushtuka hata kidogo. "Umekuja kunisaidia? Leta lile jani."

"Mama, hiyo damu inatakiwa ikae baridi!"

"Baridi? Hii ni ya bandugu, Mbambu. Mutu analazwa mu barafu akiisha kufa. Pikipiki ikifika nairudisha mu boksi, basi." Akaniona dirishani. "Na wewe, Mzee! Unataka kukaa mu barafu kama sangara?"

Alituambia kwamba huko kwao, mama akiugua mbali na mtoto, maziwa yake yalipelekwa yamefungwa majani ya moto, yafike na joto la mwili wake. Marehemu mama yake alimlea hivyo. Kitu kilichotoka mwilini mwa mtu hakiachwi kipoe.

Jibu lilikuwa limepatikana, na Mbambu hakuweza kulisema. Kwao mke hamshtaki mama wa mumewe kwa mgeni. Alikuwa tayari kuipoteza kazi akiwa amefumba mdomo. Mimi ndiye niliyemwambia Mama Reine kwamba mkwewe anafukuzwa kazi kwa ajili ya majani yale. Alisimama, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaenda maabara mwenyewe, nami nikamsindikiza.

Daktari Opoka alimsikiliza mpaka mwisho, mkono kichwani. Namshukuru kwamba hakumkaripia. Alimwomba mkono wake, akamtoa damu ya vichupa viwili: kimoja akakitia kwenye barafu, kingine akampa aende akakifunge jikoni kwake jinsi anavyofanya siku zote.

Filamu ilipotoka, mistari ilikuwa miwili kutoka mkono mmoja. Wa kwanza ulikuwa hafifu, unautafuta kwa macho. Wa pili ulikuwa mweusi kama masizi ya chungu.

"Hii nyeusi ndiyo ile nilifunga mu majani?" Mama Reine akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Ilikuwa inateseka?"

Mbambu aliishusha filamu. "Ilikuwa inajiokoa, Mama."

"Na joto yangu." Akaziba mdomo kwa kitenge. "Bandugu bote bale. Niliwachoma bote."

Tulimwambia hakuna aliyeumia, kwamba damu ikishatoka mwilini haimwumizi tena mwenyewe. Alitutazama kana kwamba tunasema uongo wa kumpoza.

Mbambu alibaki kazini. Kazi ilianzwa upya, na boksi likatiwa kufuli. Daktari alisema ni utaratibu tu. Kufuli, jikoni mwa kanisa!

Juzi nilitoa damu tena. Mama Reine alikuwa ameketi kando ya boksi, sigiri ameisogeza mbali, chai inapoa. Nilimwona akinyoosha mkono kuelekea kifuniko, akaurudisha mapajani. Damu yangu ikaenda Mulago ikiwa baridi.