Kichwa cha Profesa

Kazi yangu hapa Doha ni kuangalia presha ya maji kwenye mabomba ya jengo refu mno hivi kwamba mwezi hulizunguka kwa tahadhari. Mshale wa geji ukipanda, nafungua valvu presha ishuke. Hayo nilijifunza shule ya jioni.

Dada yangu aliponionyesha mwanawe kwenye simu kutoka Kenya, nilikiona kichwa kimekuwa kikubwa, nikacheka.

“Huyo ni profesa! Kofia yake tutaishona kwa hema la harusi!”

Naye akacheka. Nesi wa kliniki alipotaka kukipima kichwa tena, dada akamwambia kaka yake msomi amesema mtoto ni mzima.

Baada ya miezi michache, mtoto akaanza kutapika, macho yakawa yanatazama chini tu. Daktari akaeleza kwamba maji ya ubongo yalikosa njia ya kutoka, yakajaa, yakaubana ubongo na mishipa ya macho. Wakamwekea mrija wa kuyateremsha tumboni. Presha ikashuka, macho hayakurudi kuona.

Juzi dada alimsogeza kwenye simu.

“Muongeleshe, kaka. Sasa anakujua kwa sauti.”

Mimi, ninayeongea mpaka simu inazima, nilikohoa tu, ili asikie nipo.